Umeme wa Betri: Haurushi, Lakini Unaunguza
(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa hewani)

Nawaomba mkae karibu na redio, na mwalimu wa darasa ashike chaki. Leo tutajifunza juu ya umeme wa betri: namna ya kuuweka katika nyumba au kibanda cha biashara, namna ya kuichaji betri kwa jua, na namna ya kukaa nayo kwa salama. Somo hili lamfaa pia mwenye mashua, na mwenye gari la kulala safarini, kwa kuwa kanuni za betri ni zile zile.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni: BETRI HAIRUSHI, LAKINI INAUNGUZA. Someni wote pamoja. Vema.

Maana ya maneno hayo

Watu wengi huigusa betri ya volti 12 kwa mikono mikavu, wasisikie kitu. Basi husema, "Umeme huu ni mdogo, hauna neno." Hapo ndipo hatari inapoanza.

Volti ni msukumo wa umeme. Ampea ni wingi wa umeme unaopita katika waya. Fikirini pipa kubwa la maji lililowekwa chini. Maji yake hayaruki mbali, kwa kuwa msukumo ni mdogo. Lakini ukilipasua, maji yote yatamwagika kwa mara moja na kuijaza nyumba. Betri ni kama pipa hilo. Msukumo wake ni mdogo, lakini ndani yake mna umeme mwingi.

Spana ikiangukia ncha zote mbili za betri, mamia ya ampea hupita mara moja. Hiyo ndiyo shoti. Spana hupata moto na kurusha cheche. Ikiwa ni waya mwembamba, huwa mwekundu kama chuma cha mhunzi, ngozi yake huyeyuka, na pazia au makuti yaliyo karibu hushika moto. Kwa hiyo, kabla ya kufanya kazi ya betri, vua pete na saa ya chuma, na funga tepu ya umeme kwenye mpini wa spana.

Fyuzi ni mlinzi

Ndani ya fyuzi mna uzi mwembamba wa madini. Umeme ukizidi kipimo, uzi huo hukatika kabla waya haujapata moto. Fyuzi moja ya shilingi chache huokoa nyumba nzima.

Fyuzi ikae wapi? Ikae kwenye waya wa chanya, yaani wenye alama ya +, karibu na betri, isizidi umbali wa shibiri moja. Kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi. Mlinzi akikaa uani na mwizi akaingia kwa mlango wa mbele, atafaa nini?

Fyuzi iwe ya kipimo gani? Andikeni hesabu hii: WATI GAWANYA KWA VOLTI NI AMPEA. Ukiwasha kwa pamoja vyombo vya wati 120 kwenye betri ya volti 12, utapata ampea 10. Waya wa milimita za mraba 2.5 wafaa kwa kazi hiyo, na fyuzi yake iwe ya ampea 15. Kumbukeni: fyuzi huulinda waya. Ukiweka fyuzi ya ampea 50 kwenye waya mwembamba, waya utaungua kwanza, na fyuzi itabaki nzima.

Fyuzi ikikatika, tafuta sababu, kisha weka nyingine ya kipimo kile kile. Usiweke kipande cha waya, wala karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kufanya hivyo ni kumfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi.

Hesabu ya matumizi

Sasa tupige hesabu ya nyumba moja yenye kibanda cha kuchaji simu. Zidisheni wati kwa saa.

Taa 4 za wati 5, kwa saa 5: 100.
Redio ya wati 10, kwa saa 6: 60.
Televisheni ndogo ya wati 30, kwa saa 4: 120.
Simu 10, kila moja 15: 150.
Jumla kwa siku: 430.

Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina 1,200 kwa hesabu hiyo hiyo. Je, twaweza kutumia zote? La. Betri ya risasi na tindikali haipendi kumalizwa. Ukitumia zaidi ya nusu kila siku, vibao vyake vya ndani huharibika upesi. Basi tuna 600 tu za kutumia, na 430 zaingia humo vizuri.

Paneli ya jua ya wati 150, ikipata jua kali kwa saa 5, yatoa 750. Tutoe kama theluthi moja kwa sababu ya joto, vumbi na waya. Zabaki 500. Zatosha kwa siku ya jua, lakini siku za mawingu punguzeni matumizi.

Betri ya kawaida ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa kitambo kidogo ili kuwasha injini. Ukiitumia kwa taa usiku kucha, haitadumu. Ulizeni dukani betri ya sola, iliyotengenezwa kutoa umeme polepole.

Kuichaji betri

Kati ya paneli na betri lazima pawepo kidhibiti chaji, ambacho mafundi hukiita kontrola. Kazi yake ni mbili: kuzuia betri isijae kupita kiasi, na kukata umeme kabla betri haijakwisha. Wengine huunga paneli moja kwa moja kwenye betri ili kuokoa fedha. Baada ya muda mfupi hununua betri nyingine, na fedha waliyoiokoa hupotea.

Fungeni kwa taratibu hii: kwanza betri kwenye kontrola, pili paneli, tatu taa na vyombo. Wakati wa kufungua, anzeni na vyombo, kisha paneli, na betri iwe ya mwisho.

Mwenye kipimo cha volti aipime betri baada ya kupumzika saa kadhaa bila kuchaji wala kutumika. Ikisoma 12.7 hivi, imejaa. Ikisoma 12.2 hivi, imefika nusu; acha kutumia.

Hayo nimesema juu ya betri ya risasi na tindikali. Betri ya lithiamu ina taratibu zake, na hutaka chaja yake yenyewe. Msibadilishane chaja.

Hewa na tindikali

Betri ya kuongezwa maji, ikichajiwa, hutoa hewa iitwayo haidrojeni. Haina rangi wala harufu, ni nyepesi, nayo hupanda juu. Ikikusanyika katika chumba kilichofungwa, cheche moja yatosha kuilipua. Kwa hiyo betri isikae chini ya kitanda, wala jikoni. Ikae mahali penye tundu la hewa juu na chini, mbali na moto, na watoto wasipafikie. Mtu asivute sigara wala kuwasha kiberiti kando yake.

Maji yakipungua, ongeza maji safi yauzwayo kwa ajili ya betri. Usiongeze ya kisima wala tindikali. Tindikali ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda hospitali mara moja.

Jihadhari na inveta

Inveta ni chombo cha kugeuza volti 12 kuwa volti 230 hivi. Hapa neno la ubaoni hubadilika, kwa kuwa umeme unaotoka kwenye inveta hurusha, tena huua. Msiseme, "Si umetoka kwa betri tu?" Nyaya zake zifungwe na fundi wa umeme. Tena, inveta ya wati 300 huvuta zaidi ya ampea 25 kutoka kwa betri, basi yataka waya mnene na fyuzi yake.

Betri kuukuu

Msiivunje betri iliyokufa ili kutoa risasi. Risasi ni sumu, na hudhuru zaidi akili za watoto. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, sumu ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu iliwadhuru wakazi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Irudisheni betri nzima kwa mwenye duka anayezipokea.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini fyuzi huwekwa karibu na betri?
2. Vyombo vya wati 60 huvuta ampea ngapi kwenye betri ya volti 12?
3. Nyumbani kwenu betri imewekwa wapi? Je, hewa yake yapata njia ya kutoka?

Swali la tatu si la kuandika. Nenda nyumbani ukaangalie leo, kabla ya kulala. Kama betri yako haina fyuzi, fungua waya mpaka uipate.

Kwa herini, mabwana na mabibi, na tusikilizane tena katika somo lijalo.