Kiredio Kikigoma, Sikiliza Kilichobaki

Wimbo unapigwa. Gitaa la pembeni linasikika, waitikiaji wanasikika kwa mbali, mwangwi upo, lakini mwimbaji mwenyewe hayupo, na besi nayo imeondoka. Ukichomoa hedifoni, spika ya kiredio inatoa wimbo mzima, mwimbaji akiwemo. Ukizichomeka tena, katoweka. Wengi hapo huulaumu wimbo: umepakuliwa vibaya, au memori ina virusi. Wimbo hauna kosa. Kilichokatika ni waya mmoja mwembamba ndani ya hedifoni, mara nyingi karibu kabisa na pini, pale unapokunjwa kila siku.

Itazame hiyo pini kwa karibu. Ina vipete vya plastiki vinavyokigawa chuma chake katika vipande vitatu (zile zenye maiki zina vinne). Ncha hupeleka sauti ya sikio la kushoto, kipande kinachofuata hupeleka ya kulia, na kingine ni njia ya kurudia umeme wa masikio yote mawili. Njia hiyo ya kurudia ikikatika, umeme wa kushoto hauna pa kupita ila kwenye kispika cha kulia, na wa kulia vivyo hivyo. Vispika viwili vinajikuta kwenye mstari mmoja, vikisukumwa na tofauti tu iliyopo kati ya pande mbili za wimbo. Sasa studioni, sauti ya mwimbaji kwa kawaida huwekwa katikati, yaani kushoto na kulia hupewa kiasi kilekile. Kiasi kilekile ukikitoa kwenye kiasi kilekile, unabaki na sifuri. Besi na ngoma kubwa, ambazo nazo huwekwa katikati, zinafutika pamoja naye. Vinavyosalia ni vile vilivyoegemezwa upande mmoja. Waya uliokatika umefanya hesabu ya kutoa, tena kwa usahihi ambao mafundi wa studio huutafuta kwa makusudi wanapotaka kuondoa sauti ya mtu kwenye wimbo.

Naipenda hitilafu hii kuliko zote, kwa sababu inaonyesha wazi jambo ambalo ningetamani kila mwenye kiredio alijue kabla hajashika bisibisi: chombo kibovu ni nadra kufa chote. Uliza kwanza ni kipi bado kinafanya kazi, maana hicho ndicho kitakachokuambia kilichokufa kiko wapi.

Viredio vya memori na flashi viko kila mahali: kwa mama lishe, kwenye kibanda cha mlinzi, vimefungwa kwenye usukani wa bodaboda. Ndani yake njia ni fupi. Mwanzoni kuna vyanzo vya sauti: FM, memori, flashi, na vingine vina Bluetooth. Vyanzo vyote huingia kwenye amplifaya moja, sauti ikatoka hapo kupitia tundu la hedifoni hadi kwenye spika. Betri inawalisha wote.

Kwa hiyo washa FM. Kama FM inalia vizuri na nyimbo za memori zimegoma, basi betri, amplifaya, tundu na spika vyote ni vizima, na hujafungua hata skrubu moja. Shida iko kwenye kadi au pale inapochomekwa. Kama kote ni kimya lakini namba za wimbo zinatembea kwenye kioo, kadi inasomwa, na kazi yako inaanzia kwenye amplifaya kuelekea spika. Chomeka hedifoni. Zikilia, washukiwa wakuu wamebaki wawili: spika yenyewe, na kibati kidogo kilichofichwa ndani ya tundu.

Kibati hicho ni swichi. Pini ikiingia inakisukuma pembeni, nacho kinaikatia spika mawasiliano ili usikilize peke yako. Pini ikitoka, kinapaswa kurudi mahali pake. Vumbi likikaa, au kikishika kutu, hakigusi tena sawasawa. Hapo kiredio kinabaki kimya, kana kwamba hedifoni bado zimo. Mombasa, Tanga, Unguja na kwingineko pwani, hewa yenye chumvi huharakisha kutu ya namna hii. Kizime kiredio, kisha ingiza na kuchomoa pini mara nyingi mfululizo. Msuguano hukwangua ule utando uliokaa juu ya chuma, na viredio vingi hufufuka hapohapo. Kikilia kisha kikanyamaza tena baada ya siku chache, umempata mkosaji: fundi abadilishe tundu, kazi ya kulehemu isiyochukua muda. Kama ni spika, kuna kipimo kisichohitaji mita. Gusisha nyaya zake kwa nukta moja kwenye betri ya kawaida ya volti 1.5. Spika nzima itatoa mlio mfupi, tak, na ngozi yake itaruka kidogo. Isipotoa, waya wa koili umekatika ndani.

Betri inastahili muda zaidi, kwa sababu ndiyo inayowadanganya watu wengi. Malalamiko huwa yaleyale: kiredio kina chaji, kinapiga vizuri kwa sauti ya chini, lakini ukiongeza sauti kinazima na kuwaka upya kila besi inapopiga. Fundi anapima betri kwa mita, anaona volti 3.7, anasema ni nzima. Mita haijakosea. Imepima betri ikiwa imepumzika, na betri iliyochoka haionekani hivyo. Ni tangi lenye maji ambalo bomba lake limeziba: maji yapo, lakini hayatoki kwa kasi inayotakiwa.

Kinachoziba kinaitwa ukinzani wa ndani. Betri ya lithiamu inapozeeka, utando hujengeka juu ya vifaa vyake vya ndani na umeme hupita kwa taabu. Tuseme ukinzani huo umefika omu 1, na besi moja nzito inadai ampia 0.6. Papo hapo volti 0.6 zinapotelea ndani ya betri yenyewe, na ile 3.7 inashuka hadi 3.1. Kichipu kinachosoma nyimbo hakivumilii kushuka huko. Kinajizima, mzigo unaondoka, volti zinapanda tena, kinawaka upya, besi inapiga. Unaweza kulithibitisha hili mwenyewe. Sikiliza kwa hedifoni, ambazo hula umeme mdogo sana kuliko spika. Kiredio kikipiga saa nzima bila kuzima, acha kulaumu programu au memori. Tafuta betri nyingine, lakini futa kwanza vile vidole vya shaba inapogusia, maana uchafu pale nao ni ukinzani.

Vingi vya viredio hivi hutumia betri ileile bapa ambayo watu huiita betri ya Nokia, yaani BL-5C, iliyokuwamo ndani ya Nokia 1100 ya mwaka 2003. Ikivimba usiibonyeze irudi, wala usiitoboe kutoa hewa. Uvimbe ni gesi iliyotokana na kemikali zake kuvunjika, na hewa na unyevu vikiingia, au sehemu za ndani zikigusana, inaweza kuwaka moto. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu hatari haiishii kwenye betri za bandia. Mwaka 2007 Nokia yenyewe ilitangaza kwamba BL-5C milioni 46, zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita ya Japani, zingeweza kupata joto kupita kiasi wakati wa kuchaji, ikajitolea kuzibadilisha. Na joto ndilo adui mkubwa wa betri hizi. Kiredio kinachokaa juani kutwa nzima kwenye usukani wa pikipiki, tena kikiwa kimejaa chaji, huizeesha betri yake haraka kuliko kile kinachopigwa kivulini.

Tukija kwenye kadi, dalili hutofautiana, na kila moja ina chanzo chake. Wimbo ukikwaruza mara moja kisha ukaendelea, faili lina jeraha dogo. MP3 haihifadhi wimbo kama kipande kimoja. Huukata katika vipande vya sampuli 1,152, ambavyo kwa wimbo wa kawaida wenye sampuli 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 26 kila kimoja. Kila kipande huanza na alama inayojulikana. Kisomaji kikikutana na kipande kilichoharibika, hutafuta alama inayofuata na kuendelea kutoka hapo. Ndiyo maana wimbo wenye kovu bado unasikilizika.

Kadi mpya ikikataliwa kabisa ingawa simu inaisoma, angalia ukubwa wake. Kadi zinazozidi GB 32 hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa exFAT, na viredio vingi vya bei rahisi vinaelewa FAT32 tu. Kadi haijafa, inahitaji kufomatiwa upya. Tofauti na hiyo ni kadi iliyoandikwa GB 64 ambayo nyimbo za mwanzo zinapiga vizuri, na zilizoingizwa mwishoni zina majina lakini hazina sauti. Hapo umeuziwa kadi ya bandia. Kichipu chake kimefundishwa kutaja ukubwa ambao hakina, na kila kilichozidi nafasi halisi kimepotea au kimeandikwa juu ya kingine. Hakuna fundi atakayekirudisha.

Kilichofutwa kwa bahati mbaya ni habari nyingine. Kwenye FAT32, kufuta wimbo hakuugusi wimbo wenyewe. Herufi ya kwanza ya jina lake kwenye orodha hubadilishwa na alama maalumu, na nafasi yake huhesabiwa kuwa wazi. Sauti inabaki pale ilipokuwa, mpaka faili jingine liandikwe juu yake. Kwa hiyo kama kadi ilikuwa na mawaidha ya marehemu babu au sauti za harusi ambazo hazipo popote pengine, itoe kwenye kiredio sasa hivi, usiingize humo hata wimbo mmoja, na uipeleke kwa mtu mwenye kompyuta na programu ya kurejesha mafaili kabla yeyote hajaifomati.