Eksirei bila filamu: Kipande cha silikoni na kifua cha mgonjwa wa Lubunga

Kisangani haina daraja juu ya Mto Congo. Mkazi wa komini ya Lubunga anayeambiwa akapige picha ya kifua katika hospitali kubwa za Makiso hupanda mtumbwi hadi ukingo wa pili, kisha pikipiki. Akifika, bado kuna suala la umeme. Bwawa la mto Tshopo, lililojengwa enzi za ukoloni, halikidhi mahitaji ya mji, na wakazi wamezoea giza na kelele za jenereta.

Kwa mtu anayekohoa kwa wiki 3, safari hiyo si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linaihesabu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, ukiwemo ule sugu kwa dawa. Picha ya eksirei inaweza kuonyesha dalili kwenye mapafu hata kwa mtu ambaye hajaanza kukohoa. Tatizo ni filamu: inadai kemikali, maji safi, chumba cha giza na fundi mwenye mkono mzuri. Ikiungua, mgonjwa hupigwa tena, na mionzi anaipata mara mbili.

Mabadiliko yalianzia mbali na hospitali. Mwaka 1980, mwanafizikia Mholanzi Erik Heijne, wa maabara ya CERN mjini Geneva, alikuwa akitafuta namna ya kujua chembe ndogo kuliko atomu zimepita wapi hasa. Alitumia kipande cha silikoni, aina ya semikondakta, kilichogawanywa katika mistari myembamba, kila mstari ukiwa kitambuzi peke yake. Mwaka huohuo Josef Kemmer, nchini Ujerumani, alionyesha kwamba vitambuzi hivyo vinaweza kutengenezwa kwa mbinu zilezile za viwanda vya transista. Mistari ikaja kukatwa kuwa pikseli, na katika miaka ya 1990 Heijne na mhandisi Michael Campbell wakawa miongoni mwa waliopeleka ujuzi huo kwenye picha za kitabibu, kupitia mradi wa Medipix.

Siri yake ni rahisi kuielewa. Mwale mmoja wa eksirei ukigonga silikoni, hung'oa elektroni kwa maelfu, kama 8,000 kwa mwale wa nguvu ya kiasi. Umeme huo mdogo unatosha kusajiliwa. Filamu ni kama beseni chini ya paa: mvua ikikatika ndipo unaona kina cha maji. Medipix huhesabu tone moja moja. Toleo lake la pili lilikuwa na pikseli 65,536, kila moja ikiwa na upana wa maikromita 55, chini ya unene wa unywele wa kawaida. Toleo la tatu hupima pia nguvu ya kila mwale, na mwaka 2018 watafiti wa New Zealand walilitumia kutoa picha za kwanza za eksirei za mwili wa binadamu zenye rangi na pande tatu.

Silikoni ina udhaifu wake: miale mikali ya hospitali huipenya bila kugusa kitu. Ndiyo maana mashine ya CT inayohesabu miale, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, hutumia kadmiamu teluraidi, iliyo nzito zaidi. Bei yake haiifanyi kuwa mashine ya kutarajiwa Tshopo leo wala kesho.

Congo yenyewe si mgeni katika habari hizi. Germaniamu, semikondakta inayotumika kupima mionzi ya gama kwa usahihi mkubwa, imo katika mawe ya Kipushi, Haut-Katanga. Mwaka 2024 kampuni tanzu ya Gécamines ilianza kuisafirisha kwenda Ubelgiji kusafishwa.

Kilicho karibu na Kisangani ni ndugu wa bei nafuu: bamba bapa lenye tabaka linalogeuza eksirei kuwa mwanga, na silikoni chini yake inayougeuza mwanga huo kuwa picha. Hakuna kemikali wala chumba cha giza. Picha hutokea kwenye kompyuta baada ya sekunde chache, na mashine nzima inaweza kutumia betri. Mwaka 2021 WHO ilikubali programu ya kompyuta isome picha hizo badala ya binadamu katika uchunguzi wa kifua kikuu kwa wenye miaka 15 na zaidi. Hilo lina uzito katika jimbo lenye ukubwa zaidi ya mara saba ya Rwanda. Mashine ya namna hiyo inaweza kupakiwa mtumbwini hadi Isangi, Lomami inapoingia Mto Congo.

Lakini bamba likidondoka sakafuni linaweza kupasuka, na kipuri hakiuzwi sokoni. Betri huchoka. Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963, kina kitivo cha tiba na cha sayansi, lakini kutengeneza vifaa hivi ni ufundi wa pekee, na bila fundi aliye karibu mashine huishia kufunikwa kitambaa kwenye kona.

Wala picha pekee haimwanzishii mtu dawa. Ikitia shaka, makohozi hupimwa, na anayekutwa na ugonjwa wa kawaida huanza vidonge vya miezi 6.