Kuwaka na Kuamka: Kompyuta Iliyoondolewa Mfumo wa Pili

Kompyuta ikibonyezwa kitufe chake hufanya mambo mawili, na Kiswahili kina maneno mawili ya kuyaeleza, ijapokuwa katika mazungumzo ya kila siku tumezoea kutumia moja tu. Kwanza huwaka: umeme huingia, taa ndogo huonekana, feni huanza kuzunguka. Kisha huamka: hutafuta mfumo endeshi katika diski, huupakia katika kumbukumbu yake, na kuuachia kazi. Mtu asemaye kwamba kompyuta yake haiwaki, kumbe yawaka ila haiamki, humpeleka fundi kwenye betri na nyaya, hali ugonjwa uko penginepo. Waingereza nao walihitaji neno la tendo hilo la pili, wakalitoa katika kiatu, kwa mfano wa mtu ajiinuaye kwa kuvuta vikanda vya viatu vyake mwenyewe. Sisi hatuna haja ya viatu hivyo, maana kitenzi tunacho.

Tofauti hii niliiona waziwazi huko Mkunya, katika wilaya ya Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Mwalimu mmoja, rafiki yangu, alikuwa na kompyuta ya mapajani, kuukuu, ambamo kwa miaka kadhaa alikuwa akihifadhi vitendawili na ngano za Chimakonde alizozirekodi kwa wazee. Sauti zote zilikuwa humo, wala hazikuwa na nakala mahali pengine, na wawili katika wazee wale walikwisha kufariki. Karl Weule alipofika Newala mwaka 1906 alirekodi nyimbo kwa silinda za nta. Nta ni kitu dhaifu, lakini ufa wake mtu huuona kwa macho. Diski haina hisani hiyo.

Kompyuta ile ilikuwa na Windows tangu iliponunuliwa. Baadaye kijana mmoja aliongeza Ubuntu katika sehemu ya pili ya diski, ikawa kila iwashwapo humwuliza mwenyewe ataka kuingia katika mfumo upi. Nafasi ilipokuwa haba, mwalimu aliingia Windows, akaifungua programu ya kusimamia diski, akaiondoa sehemu ya Ubuntu. Kazi haikuchukua hata dakika moja. Asubuhi ya pili kioo kilikuwa cheusi, na juu yake maneno «error: no such partition», na chini yake «grub rescue>». Fundi aliyeonyeshwa alisema hapana dawa ila kufomati na kuanza upya.

Shauri hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii, kwani lingetekelezwa, ngano zile zingepotea kwa maradhi yasiyozigusa hata kidogo.

Katika kompyuta za aina ya zamani, programu ya kiwandani iliyomo katika ubao mkuu husoma kisehemu cha kwanza kabisa cha diski, chenye baiti 512 tu. Baiti 446 za mwanzo ni maagizo ya kuamsha. 64 zinazofuata ni jedwali la sehemu za diski, nafasi nne za baiti 16 kila moja. Na mbili za mwisho ni muhuri. Ubuntu inaposakinishwa kando ya Windows, huyaondoa maagizo ya Windows katika baiti zile 446 na kuweka yake, yaitwayo GRUB. Lakini nafasi hiyo ni ndogo mno kuweza kubeba kazi yote. Basi GRUB huwa kama bawabu ambaye amesimama langoni, na daftari lake la majina ya vyumba ameliweka ndani ya chumba cha mgeni. Mwalimu alipokiondoa chumba cha mgeni, daftari lilikwenda nacho. Bawabu akabaki langoni, hajui tena ampeleke mtu wapi. Mwenye nyumba naye yu ndani, mzima, ila hapana wa kumfungulia.

Hapa yafaa nitaje neno kufuta, ambalo limewatia watu wengi katika hofu. Kwetu kufuta ni kupitisha kitambaa juu ya ubao hata chaki isionekane, na ndivyo watu wanavyodhani diski hufanywa. Kumbe sehemu ya diski inapoondolewa, kifutwacho ni mstari wake katika jedwali tu. Yaliyomo hukaa mahali pake mpaka yaandikiwe juu. Na mistari ya sehemu nyingine haiguswi. Kufomati na kusakinisha upya, kwa upande wa pili, ni kuandika juu, na huko ndiko kufuta kwa maana ya chaki.

Jambo la kwanza, basi, lilikuwa kuuliza kilichobaki. Mbele ya «grub rescue>» huandikwa amri fupi «ls», nayo hutoa orodha ya sehemu ambazo jedwali bado lazitambua. Tulipoiandika, sehemu za Windows zilitokea zote. Mwalimu alikaa kimya kitambo, kisha akaenda kuchemsha chai.

Dawa yenyewe yahitaji flashi yenye Windows ya kusakinisha, iliyotengenezwa katika kompyuta nyingine, yenye nafasi isiyopungua gigabaiti 8. Kompyuta huamshwa kutoka katika flashi hiyo, lakini mtu asibonyeze palipoandikwa kusakinisha. Achague ukarabati, kisha dirisha la kuandikia amri. Amri «bootrec /fixmbr» huyaandika upya maagizo ya Windows katika kile kisehemu cha kwanza, wala hailigusi jedwali. Ikiwa haikutosha, «bootrec /fixboot» hushughulikia mwanzo wa sehemu ya Windows yenyewe. Sisi ilitutosha ya kwanza. Kabla ya kuanza tuliijaza betri, kwa kuwa umeme kukatika katikati ya kuandika kisehemu kile ni balaa jingine kabisa. Mashine ilipoamka, kazi ya kwanza haikuwa kuijaribu bali kunakili zile sauti mahali pawili.

Wasomaji wa jarida hili huenda wakauliza kwa nini maneno yale yaliyomtisha mwalimu yalikuwa ya Kiingereza, ilhali mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, na programu nyingi zimefasiriwa tangu wakati huo. Jibu si uvivu wa wafasiri. GRUB nayo ina tafsiri za lugha mbalimbali, lakini mafaili ya tafsiri hukaa katika sehemu ileile ya diski iliyo na daftari la bawabu. Sehemu hiyo ikiondoka, lugha huondoka nayo, na kinachosalia ni maneno machache yaliyojengwa ndani ya GRUB yenyewe. Lugha ya mtumiaji, kwa ufupi, huja baada ya mashine kuamka. Kabla ya hapo mwenye shida hukutana na lugha ya watengenezaji, na hukutana nayo wakati ambapo hofu yake ni kubwa. Kwa hiyo maelezo ya Kiswahili ya hatua hii hayana budi kuwa katika karatasi, au kichwani mwa fundi. Kuyatia ndani ya mashine hakutoshi.

Kompyuta za miaka ya karibuni hazitumii zile baiti 446. Zina sehemu ndogo ya pekee katika diski ambamo kila mfumo huweka folda yake, na ubao mkuu hukumbuka orodha ya viamshi na zamu zao. Ubuntu ikiondolewa, folda yake hubaki humo na jina lake hubaki la kwanza katika orodha, na matokeo yake ni kioo kilekile cheusi, mara nyingi kikiwa na neno «grub>» tu. Aghalabu haihitajiki hata flashi: mtu huingia katika mipangilio ya ubao mkuu, akaiweka Windows Boot Manager mbele, basi. Jina lililobaki laweza kuondolewa baadaye kwa utulivu. Ikiwa folda ya Windows yenyewe imeharibika, huamshwa ile flashi na kuandikwa «bcdboot C:\Windows». Ila katika dirisha la ukarabati herufi za diski huweza kubadilika, na iliyokuwa C ikawa D, kwa hiyo yafaa kutazama kwanza. Tena, diski iliyofungwa kwa BitLocker huweza kudai ufunguo wake wa tarakimu 48. Asiyekuwa nao aupate kabla hajagusa chochote.

Wako pia waondoao Windows na kubaki na Ubuntu. Shida yao mara nyingi ni ndogo: faili la fstab bado lataja sehemu iliyokwisha kuondoka, na mfumo huingoja kwa sekunde 90 kabla ya kukata tamaa na kuomba msaada. Mstari huo ukiondolewa katika faili, kungoja hukoma.

Limebaki jina la kile chenye kazi ya langoni. Katika makala hii nimekiita kiamshi, kwa kuwa kitenzi chake kinajulikana na kila mtu na umbo lake halina ugeni. Mwalimu wa Mkunya nilimweleza sababu hizo zote, akazisikiliza kwa adabu. Lakini darasani kwake, naambiwa, wanafunzi wanafundishwa kukiita bawabu.