Uainishaji wa familia ya michungwa

Rutaceae ni familia ya mimea ya maua inayojumlisha michungwa, milimau, mindimu na jamaa zao wengi wa porini. Ina jenasi zaidi ya 150 na spishi zipatazo 2,000. Nyingi ni miti na vichaka vya nchi za joto, ingawa zipo pia Ulaya, Afrika Kusini na Australia. Imo katika oda Sapindales pamoja na familia ya mwarobaini (Meliaceae) na ile ya mwembe na mkorosho (Anacardiaceae). Jina la familia halikutokana na mchungwa bali na Ruta, mmea mdogo wenye harufu kali wa pande za Mediteranea.

Sifa

Dalili iliyo rahisi kuliko zote ni tezi za mafuta. Chukua jani la mlimau, liinue kuelekea mwangaza, utaona vitone vingi vinavyopitisha nuru kana kwamba jani limechomwa kwa sindano. Ukilifikicha, vitone hivyo hupasuka na harufu hutoka. Mimea mingi ya familia hii ina vitone hivyo, hata ile ambayo matunda yake hayafanani na chungwa hata kidogo.

Majani mengi ya familia hii yamegawanyika kuwa vijani vitatu au zaidi. La mchungwa laonekana zima, lakini lina kiungo pale kikonyo kinapokutana na ubapa wa jani. Wataalamu hulihesabu kuwa jani lililogawanyika ambalo limebakiwa na kijani kimoja tu. Ua kwa kawaida lina petali 4 au 5.

Uainishaji kwa matunda

Kwa muda mrefu wataalamu waliigawa familia hii kwa kutazama matunda. Mjerumani Adolf Engler, katika kazi zake za mwaka 1896 na 1931, aliweka mimea yenye matunda makavu yanayopasuka katika nusufamilia Rutoideae, yenye matunda ya kokwa na mengineyo yasiyopasuka katika Toddalioideae, na michungwa katika Aurantioideae. Mpango huo ulifundishwa kwa vizazi, na si ajabu, maana tunda ni kitu kinachoonekana na kushikika.

Lakini tunda hubadilika upesi kufuatana na mnyama au ndege anayeeneza mbegu. Mfano mzuri uko Afrika ya Mashariki. Mjafari (Zanthoxylum chalybeum) ni mti wa nyika wenye vinundu vya miiba shinani. Matunda yake madogo hupasuka na kuonyesha mbegu nyeusi ing'aayo. Toddalia asiatica ni mmea utambaao juu ya miti mingine, wenye miiba iliyopinda na matunda ya rangi ya machungwa yenye nyama. Kwa Engler, hawa wawili walikuwa katika nusufamilia mbili tofauti.

Kemia ndiyo iliyotoa onyo la kwanza. Mwaka 1975 P. G. Waterman alichunguza alkaloidi za familia hii na kuona kwamba Zanthoxylum na Toddalia zina alkaloidi za kundi moja, ambalo jenasi nyingi nyingine za familia hazina. Uchunguzi wa DNA ulipofika, uliunga mkono kemia na si tunda: Toddalia imo ndani kabisa ya ukoo wa Zanthoxylum. Kwa hiyo sasa huitwa Zanthoxylum asiaticum. Msomaji atakayefungua vitabu vya dawa za miti shamba bado atakuta jina la zamani, naye ajue ni mmea uleule.

Nusufamilia za sasa

Mwaka 2021 Marc Appelhans na wenzake walitoa mpango mpya unaotegemea DNA, wenye nusufamilia sita. Zanthoxyloideae ndiyo kubwa kuliko zote, nayo inajumlisha mjafari, Vepris na Calodendrum. Aurantioideae imebaki karibu kama ilivyokuwa: michungwa, Clausena, na mvuje wa kutia majani kwenye mchuzi (Bergera koenigii, zamani Murraya koenigii). Rutoideae, iliyokuwa kubwa mno, imepunguzwa ikabaki na Ruta na jamaa zake wachache. Cneoroideae imepokea mimea iliyotoka familia nyingine, kama Harrisonia abyssinica, kichaka cha miiba cha Afrika ambacho zamani kilihesabiwa katika Simaroubaceae. Mbili zilizobaki ni Amyridoideae na Haplophylloideae.

Jenasi Vepris inastahili neno la ziada. Miti mingi ya misitu yetu iliitwa Teclea kwa sababu stameni zake ni sawa na petali kwa idadi, hali Vepris huwa na maradufu. Mwaka 1992 W. Mziray, jina lisilo geni masikioni mwa Watanzania, alionyesha kwamba tofauti hiyo haitoshi kutenga jenasi mbili, akaiunganisha Teclea na Vepris. Ndiyo maana mti Teclea nobilis leo huandikwa Vepris nobilis.

Jenasi Citrus

Hapa ugomvi ulikuwa mkubwa zaidi. Mmarekani Walter Swingle alihesabu spishi 16, Mjapani Tyôzaburô Tanaka akahesabu 162. Sababu ni kwamba mbegu moja ya mchungwa huweza kutoa miche miwili au mitatu, na mara nyingi miche hiyo haikutokana na uchavushaji bali na tishu ya mama mwenyewe. Chotara hivyo hujirudia bila kubadilika, naye huonekana kama spishi kamili.

DNA imeonyesha wazazi wachache wa asili, wote wa Asia: mchenza (Citrus reticulata), balungi kubwa (C. maxima), C. medica lenye ganda nene, na C. micrantha ya Ufilipino. Danzi ni chotara wa balungi kubwa na mchenza. Chungwa tamu limetokana na hao hao wawili, ila kwa njia ndefu zaidi. Limau ni mtoto wa danzi na C. medica. Ndimu, ambayo wengi huidhani ndugu mdogo wa limau, ilizaliwa na C. micrantha na C. medica.

Umuhimu kwa wakulima

Wadudu huufuata undugu huu. Viwavi wa kipepeo Papilio demodocus hula majani ya michungwa na ya jamaa zake wa porini. Mdudu mfyonza utomvu Trioza erytreae huzaliana juu ya Clausena anisata na spishi za Vepris, kisha huhamia bustanini. Yeye hubeba bakteria wanaosababisha ugonjwa wa majani kuwa na mabaka ya manjano, na matunda kubaki madogo, yaliyopinda na machungu. Mwenzake kutoka Asia, Diaphorina citri, ambaye ameshafika Tanzania na Kenya, hupenda sana mvuje. Kwa hiyo mwenye shamba la michungwa anayekagua miti yake na kuuacha mvuje wa uani hajamaliza ukaguzi.