Vyumba vya Kupangisha na Rehani ya Shamba

Wakulima wengi wa skimu wana ploti karibu na soko, nao wanataka kujenga vyumba vya kupangisha. Nia hiyo ni njema, kwa kuwa kodi ya nyumba huingia kila mwezi, haingoji mvua wala mavuno. Lakini wengi hupata fedha za kujenga kwa kuweka rehani hati ya shamba. Basi inampasa mkulima apige hesabu kabla ya kwenda benki.

Tutwae mfano. Mkulima anajenga vyumba 6 vya mabati kwa Sh. 600,000, zote za mkopo, alipe kwa miaka 5 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Atalipa karibu Sh. 14,270 kila mwezi. Chumba kimoja kikiwa Sh. 3,000, vyumba 6 vitaleta Sh. 18,000. Akitoa malipo ya benki anaona faida ya Sh. 3,730, naye hufurahi akatia sahihi.

Hesabu hiyo haijatimia. Haikuhesabu chumba kisicho na mtu, wala mpangaji anayehama usiku bila kulipa, wala choo kilichojaa. Mwenye busara huhesabu kodi ya miezi 10 kwa mwaka, si 12. Hiyo ni Sh. 180,000. Atoe Sh. 30,000 za matengenezo na ada za ploti, hubaki Sh. 150,000. Lakini benki inadai Sh. 171,240 kwa mwaka. Zimepunguka Sh. 21,240, nazo zitatoka katika maziwa au mahindi. Mwaka wa ukame zitatoka wapi?

Hapo ndipo shamba huingia hatarini. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, mkopaji akikosa kulipa kwa mwezi mmoja, mwenye kudai aweza kumpa ilani ya siku 90. Zikipita bila malipo, aweza kutoa ilani nyingine ya siku 40, kisha auze. Wazee waliopata mashamba katika mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962, walilipa deni kwa miaka mingi ndipo wakapewa hati. Si vyema hati hiyo ipotee kwa ajili ya vyumba 6.

Yafaa mkulima afuate mambo haya:

1. Aweke akiba kwanza. Akiwa na Sh. 300,000 zake mwenyewe akakopa Sh. 300,000 tu, benki itadai karibu Sh. 85,620 kwa mwaka. Hata vyumba 2 vikikaa wazi mwaka mzima, kodi ya vile 4, baada ya matengenezo, ni Sh. 114,000. Deni litalipika, na ng'ombe hataguswa.

2. Aulize riba inahesabiwaje. Ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, riba ya zile Sh. 600,000 ni karibu Sh. 256,000 kwa miaka 5. Ikihesabiwa juu ya mkopo wote kila mwaka, ni Sh. 450,000, ingawa zote zaitwa asilimia 15.

3. Aulize malipo yanaanza lini. Benki ikianza kudai kabla mabati hayajapigwa, awe na fedha za miezi hiyo kando.

4. Ashauriane na watu wa nyumbani. Shamba la kilimo haliwekwi rehani bila idhini ya Bodi ya Ardhi, na kama nyumba ya familia imo, mke au mume lazima akubali.

5. Ahesabu vyumba vilivyo wazi sokoni. Vikiwa vingi, asubiri.

Asiyeweza kutimiza haya ajenge vyumba 2 kwa mavuno ya mwaka huu, na kodi yake ijenge cha tatu. Haba na haba hujaza kibaba, na hati ya shamba itabaki sandukuni.