Kuendesha Mota: Stata ya Zamani au Invata?



Kutoka Makenke na Mbarara mjini, penye viwanda vya maziwa, hadi viwanda vya chai vya Igara na Buhweju, kazi yetu inategemea mota. Siku hizi viwanda vingi vinang'oa stata za zamani na kuweka invata, yaani chombo cha kidijitali cha kuongoza mota. Yatupasa kujua tofauti, kwa sababu chombo kipya kina faida zake, na kina hatari ambayo cha zamani hakina.

Stata ya zamani

Stata ni swichi kubwa inayovutwa na sumaku. Kazi yake ni mbili tu: kuwasha na kuzima. Mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta umeme mara 5 hadi 8 kuliko kawaida, na ndiyo sababu taa hufifia. Stata ya nyota na delta hupunguza mvuto huo hadi theluthi moja. Baada ya hapo mota huenda kasi ile ile. Ukitaka upepo mdogo, unafunga mlango wa upepo, na umeme mwingi unapotea bure. Lakini stata ni rahisi. Ikiungua, fundi wetu huitengeneza kwa spea za bei nafuu.

Invata

Invata hupokea umeme wa mawimbi 50 kwa sekunde, huugeuza uwe kama wa betri, huuweka katika kapasita, kisha huukatakata na kuupeleka kwenye mota kwa mawimbi yanayotakiwa. Ukitoa mawimbi 25, mota huzunguka karibu nusu ya kasi. Treni za umeme zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 huongozwa kwa njia ya namna hii.

Faida kubwa iko kwenye feni, kama zile za kunyaushia majani ya chai. Feni ikipunguzwa kasi hadi asilimia 80, hutumia karibu nusu tu ya nguvu. Lakini mashine ya kusaga mahindi, iwe Mbarara au Nakivale, huenda kasi moja kutwa. Hapo invata haiokoi kitu; stata inatosha.

Hatari

Kwanza, invata ikishazimwa, kapasita zake hubaki na umeme wa kuua, unaozidi volti 500. Ngoja dakika zilizoandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi 5 hadi 15, kisha pima. Taa kuzimika si ushahidi.

Pili, kibonyezo cha kusimamisha hakikati umeme. Invata inaweza pia kupangwa ijiwashe yenyewe umeme ukirudi, na mkono wa mtu umo ndani ya mashine. Zima swichi kuu, funga kwa kufuli, na ufunguo ukae kwako.

Tatu, vumbi, unyevu na joto huiharibu upesi. Iwekwe mahali pakavu penye hewa.

Tuulize nini?

Kabla invata haijafungwa, wajumbe wa wafanyakazi wamwulize mwajiri:

1. Je, mashine hii inahitaji kubadilisha kasi?
2. Nani atafundishwa, na lini? Mafundi na waendesha mashine wote, au mtu mmoja tu?
3. Kufuli na vipimo vya umeme vipo?
4. Ikiharibika, spea zitatoka wapi, na kazi itasimama siku ngapi?

Mafunzo si hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe maelekezo na mafunzo ya kulinda wafanyakazi.

Basi ndugu, hatukatai chombo kipya, wala hatukitukuzi. Kila mashine ipewe chombo kinachoifaa, na kila mfanyakazi apewe ujuzi wa kukitumia. Mota ina spea, uhai hauna.