Garimoshi la Tani 252 Juu ya Meza ya Chakula

Katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi zimesimama injini mbili kubwa za mvuke, rangi yake ya damu ya mzee, majina yake Mount Gelai na Mount Shengena. Hizo ni masalio ya daraja la 59, injini 34 zilizoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, Uingereza, zikaletwa Afrika Mashariki katika miaka ya 1955 na 1956 ili kuvuta shehena baina ya Mombasa na Nairobi. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252. Zote zilipewa majina ya milima, na wala jina hilo halikuwa kubwa kuliko umbo lake. Enzi ya mvuke ilipokwisha, nyingine 32 zilikatwakatwa zikawa vyuma chakavu.

Basi atakaye kujua jinsi mnyama wa namna hiyo alivyokuwa akitembea anazo njia mbili. Ya kwanza ni kwenda Nairobi akamtazame alivyolala. Ya pili, ambayo ni ndefu na yenye kuchosha macho, ni kumuunda upya kwa mikono yake mwenyewe, mezani pake, kwa kipimo cha milimita 2 kwa kila futi moja.

Kipimo hicho, ambacho ni sawa na sehemu moja kwa 152, kina wapenzi wake hasa huko Uingereza, ambako walijiundia chama chao mwaka 1960. Gurudumu la kuendeshea la daraja la 59, ambalo lilikuwa na kipenyo cha futi 4 na inchi 6, huwa milimita 9 tu. Injini nzima, iliyozidi futi 100 kwa urefu, huwa sentimita 20 na ushei. Na hapa pana bahati njema kwa apendaye reli za kwetu: njia ya upana wa mita moja, ikipunguzwa hivyo, huwa karibu milimita 6.6, na kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilianza tangu mwaka 1972 kuuza reli ndogo zenye upana wa milimita 6.5. Tofauti hiyo ni unywele.

Wengi waanzao kazi hii huanza na umbo la juu, yaani pipa la mvuke, dohani na kibanda cha dereva, kwa kuwa ndilo lipendezalo macho. Hawa aghalabu huishia kuwa na pambo la kabatini. Injini ni chasisi. Nayo chasisi haina huruma, kwani ama hutembea ama hukwama.

Mtu asiyeijua kazi hii hudhani kwamba siri yake ni kupima. Huona kuwa hapana budi kuwa na mashine za thamani, zenye kupima mia ya milimita, na kwa sababu hiyo hukata tamaa kabla hajashika tupa. Dhana hiyo si ya kweli. Mafundi wa zamani waliokuwa na keekee ya mkono, jiliwa dogo na msumeno wa sonara walizifanya chasisi hizi zikatembea vizuri, kwa sababu walitambua jambo moja: kosa lililo sawa pande zote mbili halidhuru.

Fundi huanza na ile mikono ya chuma inayounganisha magurudumu ubavuni mwa injini, ile ambayo watoto kituoni huitazama ikipanda na kushuka. Huchukua vipande viwili vya bati gumu la mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, akavigandisha kwa risasi vikawa kama kimoja, kisha akavitoboa vyote viwili kwa pigo moja la keekee. Kama tundu limekwenda kando kidogo, limekwenda kando kwa mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa. Kisha huchukua mabati mawili ya ubavu wa chasisi, akayagandisha vivyo hivyo, akaweka juu yake ule mkono aliokwisha kuutoboa, na kuyafanya matundu yake kuwa kiongozi wa matundu ya ekseli. Sasa umbali kati ya ekseli na ekseli ni ule ule ulio katika mikono. Haukupimwa, umezaliwa. Baada ya hapo joto kidogo huyaachanisha mabati, na kila tundu hupanuliwa kwa ukubwa wake.

Atakayevunja taratibu hiyo, akatoboa bati moja leo na jingine kesho kwa kutegemea rula, ataona adhabu yake baada ya majuma kadhaa ya kazi. Magurudumu yatazunguka vizuri nusu ya mzunguko, halafu yatakaza. Atapanua matundu ya mikono ili yalegee. Injini itatembea, lakini kwa kuchechemea. Mwisho hulazimika kutupa chasisi nzima. Askari aliyezoea kuifungua bunduki yake na kuifunga tena ataelewa upesi kwa nini kipande kigeni hakikai mahali pa kipande chake.

Kanuni hiyo hiyo hurudi katika kuyapanga magurudumu. Pini ya gurudumu la upande mmoja hutangulia ya upande wa pili kwa robo ya mzunguko, kwa sababu katika injini ya kweli, lau pistoni zote mbili zingefika mwisho wa mwendo wao kwa pamoja, injini isingeweza kuondoka. Katika kielelezo hiki kidogo, si lazima robo iwe robo kamili. Lililo lazima ni kwamba ekseli zote nne zikosee kiasi kile kile. Kwa hiyo fundi hutengeneza kiguzo kidogo chenye mifuo miwili, na kila ekseli hupita humo kabla ya kukubaliwa.

Umeme nao una fitina yake. Injini hupata nguvu ya volti 12 kutoka katika reli mbili, nazo reli hizo zisikutane kamwe isipokuwa ndani ya mota. Njia ya kawaida ni kuweka visimbi vyembamba vya shaba vigusavyo migongo ya magurudumu. Lakini katika injini nyepesi, visimbi hivyo huwa breki. Mafundi wa kipimo hiki huikata kila ekseli katikati na kuiunga kwa kipande kisichopitisha umeme, kisha hushikamanisha bavu mbili za chasisi kwa vibao vilivyopakwa shaba, vyenye mfuo uliokwanguliwa katikati. Hivyo ubavu mzima wa kulia huwa waya mmoja, na wa kushoto waya mwingine. Chembe moja ya risasi ikidondoka katika mfuo hutosha kuizima kazi yote, na kuitafuta huchukua jioni nzima.

Risasi hiyo iangaliwe pia kwa sababu nyingine. Ni sumu, na moshi wa dawa ya kulehemia huwasha kifua. Dirisha liwe wazi, watoto wakae mbali, mikono ioshwe, na meza ifutwe kabla ya sahani kurudi.

Kabla ya kutia mota, chasisi huwekwa juu ya kioo kilichoinamishwa kidogo, ishuke yenyewe. Jaribio hili halina nafasi ya pili; skrubu ya mota ikisha kushikana na gurudumu la meno, magurudumu hayawezi tena kuzungushwa kwa kidole. Uzito nao una hesabu ya kuchekesha: tani 252 zikipunguzwa mara 152 kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, hubaki gramu 73 hivi. Ndiyo maana kila nafasi iliyo wazi ndani ya pipa la mvuke hujazwa risasi.

Injini ya aina hii, iliyobuniwa na Mwingereza Herbert William Garratt, ambaye aliomba hataza yake mwaka 1907, ina chasisi mbili, moja mbele na moja nyuma, na pipa la mvuke likining'inia katikati. Kila chasisi ina magurudumu manane ya kuendeshea, na pacha hao hawashikani mikono. Kwa hiyo fundi akitumia mota mbili hana budi kuzijaribu chasisi peke yake, moja baada ya nyingine, katika reli ile ile na kwa umeme ule ule, saa mkononi. Ikiwa moja yatangulia, basi zikiunganishwa ile iliyo nzito itaburutwa, magurudumu yake yakiteleza, kwa kuwa skrubu hairuhusu kusukumwa. Aliyeona tofauti ya sekunde mbili katika mita moja huifungua ile iliyochelewa, akaosha meno yake, akatia tone la mafuta, akairudisha relini na kuhesabu upya.